Sambourne House, London: nyumba ya mchora katuni, vyombo vyote vimo

Ukipita nje hugeuzi hata shingo. Stafford Terrace, Kensington, ni safu ya nyumba nyembamba za miaka ya 1870, zote sura moja. Namba 18 ndipo walipohamia Edward Linley Sambourne, mchora katuni wa Punch, jarida la vichekesho la Uingereza, na mkewe Marion mwaka 1875. Linley alifariki 1910. Mwanawe Roy, ambaye hakuoa, aliishi humo hadi 1946 na karibu hakugusa kitu. Ndiyo maana nimeipenda: hukuti fanicha zilizokusanywa minadani ili kufananisha enzi ya Malkia Victoria, unakuta vyombo vyao wenyewe.

Sebule inatoka mbele hadi nyuma ya nyumba. Picha zimebanana ukutani, viti vya kila aina, saa, vyombo vya kauri, na vioo vya rangi madirishani vinavyofifisha mwanga. Utadhani mwenyewe alikuwa tajiri. Basi sikiliza habari ya karatasi za ukutani: mwanzo walibandika za William Morris, msanii Mwingereza aliyebuni nakshi za karatasi hizo, baadaye Linley akataka za Kijapani za bei mbaya, zenye nakshi kama ngozi. Akazibandika panapoonekana tu, nyuma ya picha zikabaki zile za zamani! Hapo nilimwelewa kabisa.

Bafuni kuna bafu la marumaru alilosafishia picha za kamera. Alikuwa akiwapiga picha jamaa, watumishi, hata yeye mwenyewe, wakiwa wamejiweka mikao aliyoihitaji kwa katuni zake.

Na katuni mojawapo unaijua. Ni ile ya Cecil Rhodes, mkoloni Mwingereza, ya mwaka 1892, mguu mmoja Cairo, mwingine Cape, mikononi waya wa telegrafu, ambayo wengi tumeiona kwenye somo la historia sekondari, mada ya kugawanywa kwa Afrika. Kusimama nyumbani kwa aliyeichora, katikati ya makochi na maua, kulinipa hisia mchanganyiko. Bara zima lilichorwa na baba wa familia aliyekuwa akibana matumizi ya karatasi.

Nyota nne kati ya tano. Ngazi ni nyingi, mwenye magoti mabovu ajipange. Leighton House, nyumba ya mchoraji Frederic Leighton yenye ukumbi wa vigae kutoka Syria, iko umbali wa kutembea na inapendeza zaidi machoni. Ukiwa na nafasi ya nyumba moja tu, mimi ningerudi hii.