Misimu miwili ya korosho na kisu cha Mora, kati ya Mikindani na Newala

Kisu hiki nimekitumia misimu miwili ya korosho, kwa hiyo sasa naweza kukisemea. Ni Mora Companion, kile cha chuma kisichoshika kutu kirahisi. Kinatoka Uswidi, katika mji wa Mora, na kampuni yake inahesabu miaka yake tangu 1891. Rafiki yangu aliniletea kutoka Dar es Salaam, nikamlipa shilingi 60,000. Najua kwa kisu hizo si hela ndogo, wakati panga zuri unalipata kwa bei ya chini sana ya hapo. Lakini nilishaumizwa na rahisi.

Cha kwanza nilikinunua kwa mmachinga kwa shilingi 15,000. Kilikuwa kinang'aa, kina meno ya msumeno mgongoni, na mpini wake mtupu ndani umewekwa uzi wa kuvulia na dira kwenye kifuniko. Nilikipenda papo hapo. Wiki ya tatu nikiwa shambani Newala nilikuwa nachana kipande cha mkorosho mkavu nipate kuni nyembamba za kuwashia moto: kisu nimekisimamisha juu ya ukuni, nagonga mgongo wake kwa rungu. Pigo la nne, mpini ukabaki mkononi, bapa likaruka na kupita karibu kabisa na goti la mdogo wangu. Tulipoliokota tukaona kilichokuwa kinalishika: bolti moja fupi, haizidi kidole gumba, imekazwa kwa nati. Huo ndio uliokuwa msuka wa kisu kizima, yaani mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini. Tangu siku ile, mtu akinionyesha kisu sitazami mng'ao, nauliza msuka umeingia kiasi gani kwenye mpini.

Wa Mora, niseme kweli, haufiki hadi mwisho wa mpini. Lakini umeingia vya kutosha, na mpini umeumbwa juu yake ukashikana nao, hauchezi hata kidogo. Bapa lina sentimita 10 na ushee, unene milimita 2.5. Kwa unene huo nachana kuni ndogo bila wasiwasi; ukuni ukizidi kifundo cha mkono nachukua panga. Anayetaka kuchana zaidi atafute Companion Heavy Duty, yenyewe ina milimita 3.2, ingawa kwa kumenya muhogo naona wembamba wa hiki changu unafaa zaidi.

Kilichonifanya nikipende ni makali yake. Kina shavu moja pana kila upande, linateremka moja kwa moja hadi kwenye ncha ya makali. Kwa hiyo wakati wa kunoa hukisii pembe. Unalaza shavu lote juu ya jiwe, linakaa lenyewe, unasukuma. Mdogo wangu, ambaye kila kisu alichokigusa kilitoka butu kuliko kilivyoingia, hiki alikinoa vizuri siku ya kwanza. Tunatumia jiwe la kawaida la pande mbili kutoka duka la vifaa vya ujenzi, tunalilowesha maji, tunaanza na upande mkwaruzo. Ukipitisha kidole taratibu upande wa pili wa makali ukasikia kitu kinakwaruza urefu wote, geuza kisu. Baadaye upande laini, kisha mara ishirini hivi juu ya mkanda wa zamani wa ngozi, ukikivuta kurudi nyuma. Nakijaribu kwenye nyanya iliyoiva: kikiingia kwa uzito wake, basi.

Makali hayo membamba yana mpaka wake, na nilikutana nao kwa mpingo. Mjomba wangu ni mchongaji, nikaokota kipande kwenye mabaki yake nichonge mpini wa kisu cha jikoni. Mpingo ni mti unaozama majini, ugumu wake si wa kawaida. Nilifika kwenye kifundo, nikapinda kisu kidogo, nikasikia "ta". Pengo, dogo kama punje ya mtama. Mjomba alikipokea, akakitazama kwenye mwanga, akasema, "Mpwa, kisu chako kizuri, ila mpingo uachie tezo." Kuliondoa pengo lile kulinichukua karibu saa nzima kwenye jiwe. Sasa nachonga miiko kwa mwembe, na huko kinateleza kama kwenye sabuni.

Kuhusu chuma: rafiki aliyeniletea ana cha aina hiyohiyo, ila cha kaboni. Alikuja Mikindani tukatengeneza samaki aina ya changu, usiku kila mtu akarudisha kisu chake kwenye ala kikiwa na unyevu wa chumvi. Asubuhi chake kilikuwa na madoa ya kutu, changu hakikuwa na kitu. Cha kaboni kikikata mabibo ya uraka, ile pombe ya kienyeji ya mabibo, nacho kinageuka cheusi. Weusi huo haukidhuru, lakini kutu itakidhuru. Ukiwa bara na unakifuta na kukipaka mafuta kila siku, sawa. Ukiishi jirani na ghuba kama mimi, chukua kisichoshika kutu.

Ala yake ndiyo sikuridhika nayo. Ni ya plastiki, inajibana kwenye mkanda, na ukichuchumaa kuokota korosho inachomoka. Nilishawahi kukitafuta nusu siku chini ya majani makavu. Nimeifunga kamba. Na usikitumie kubangulia korosho: mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na yakishika mpini utayabeba hadi kwenye chakula.

Kama 60,000 hazipo, nenda kwa mhunzi anayefua kwa springi za gari. Ninacho kimoja, 8,000 tu, msuka umepita mpini mzima. Kimefika na makali mazito, nikalipunguza shavu lake kwa tupa jioni mbili, na ndicho ninachochania kuni kubwa siku panga likiwa mbali.

Mjomba naye ameagiza Mora yake. Ametaka yenye mpini wa rangi ya chungwa, ionekane chini ya mikorosho.