Probox ya manual, miezi nane nayo

Wakuu, miezi mitatu nzima nimezunguka Dar natafuta stesheni wagoni ya manual isiyozidi milioni 10, sasa kwa kuwa nimeshateseka peke yangu acha niwaandikie nilichokutana nacho. Mi sio mtu wa magari kihivyo, nafuga kuku Kibaha na kila asubuhi nashusha mayai mjini, kwa hiyo nilitaka gari yenye nafasi nyuma, isiyokunywa sana, na gia nichomeke mwenyewe. Manual kwa sababu njia ya bandani mvua ikinyesha inakuwa uji, halafu otomatiki niliyokuwa nayo mwanzo gia boksi ilikufa na bei niliyotajiwa ndo ikanifanya niiuze hivyohivyo ilivyo.

Kuipata ndo shughuli. Dalali anakwambia "bosi ipo, njoo na hela", ukifika ni otomatiki, eti "kaka si unaendesha tu". Toyota Fielder za manual kweli zilitengenezwa ila nimeiona moja tu, na mwenyewe hataki hata kusikia habari ya kuuza. Nissan AD nilijaribu mbili, zote zimeshabebeshwa mizigo mpaka zimechoka. Legacy ya manual jamani ni tamu, inashika barabara kama kupe, lakini kwa mafuta ya injini ya cc 2000 ningeishia kuuza na kuku wenyewe.

Basi nikaangukia Toyota Probox. Na hapa kuna mtego, sikilizeni. Ya kwanza nilikuwa nishataka kulipa, fundi wangu akafungua boneti akasoma kile kibati, akacheka. Palipoandikwa TRANS, yaani gia boksi, kuna U340E, yaani imezaliwa otomatiki, gia boksi ikafa wakaigeuza manual mtaani, pedali ya klachi imechomelewa kama geti. Manual ya kiwandani hapo inaanza na C. Sisemi zilizogeuzwa zote mbovu, ila usiuziwe kwa bei ya halisi.

Niliyochukua ni ya 2006, kodi ya modeli NCP51, nimeitoa mkononi kwa mwalimu mmoja kwa milioni 9.2 baada ya kuvutana wiki. Injini 1NZ, ileile ya IST ya cc 1500, timing yake ni ya cheni sio mkanda, na spea zake Gerezani hukosi. Kabla ya kununua nilipanda nayo kilima nikiwa gia namba tatu nikakanyaga mafuta, resi ikapanda gari ikabaki palepale, nikajua klachi imekwisha, nikamkata bei hapohapo. Klachi mpya na ufundi laki mbili na nusu, tangu hapo sijagusa kitu zaidi ya oil na bushi za mbele.

Kwa kazi ni punda huyu. Ukilaza siti za nyuma unapata sakafu flati kama mita 1.8, nimeshalala humo miguu nimenyoosha. Kiwandani wamesema kilo 400 mkiwa wawili na 250 mkiwa watano, wale wa michomoko, Probox za abiria, wanaopakia watu kumi na mbuzi nadhani hawajafika ukurasa huo. Mafuta napata kama km 13 kwa lita na foleni ya Kimara ikiwemo, japo foleni yenyewe mguu wa kushoto unaisha. Asubuhi moja betri iligoma, vijana wawili wakasukuma, nikaachia klachi namba mbili, ikawaka, mayai yakafika.

Starehe sahau. Ukigusa 100 resi inalia inaomba gia ya sita ambayo haipo, redio inabidi upaze, vioo vyangu ni vya kuzungusha kwa mkono. Trei za mayai ziwekeeni godoro chini, ikiwa haina mzigo inarukaruka.

Kuna ndugu kaniuliza kwanini sikuagiza Japani nikapata ya karibuni. Haipo! 2014 walipoibadilisha Probox waliondoa manual wakabakiza CVT tupu, ambayo ni aina ya otomatiki, kwa hiyo manual yoyote utakayoiona ni ya kuanzia 2002 mpaka hapo, na ukiagiza gari ya zaidi ya miaka 10 TRA wanakupiga uchakavu juu ya ushuru mwingine wote. Afadhali ya mkononi, uende na fundi wako, sio fundi wa dalali, na uhakiki madeni ya traffic kabla hujatoa hela maana mi nilikuta laki na kitu, mwalimu akalipa huku kanuna.

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimekata kwa ajili ya siti ya nyuma, imenyooka kama benchi la kanisani. Mama mkwe nilimpeleka nayo Chalinze mara moja, kurudi akapanda basi.