Koilova za Gari la Spoti: Kagua Rodi Kwanza, Rangi Baadaye

Seti yangu ya kwanza ya koilova, yaani shokapu na springi zilizounganishwa ambazo unaweza kurekebisha urefu wake, ilidumu miezi kumi na moja. Kwa macho ilikuwa tamu: mwili wa zambarau, nati za alumini zinazong'aa, na kitufe juu chenye mibofyo 32 ya kuongeza na kupunguza ugumu. Toyota 86 yangu ikakaa chini kama paka anayevizia. Mwezi wa nane upande wa mbele kushoto ukaanza kugonga kila nikivuka tuta, na mwezi wa kumi na moja gari likawa linadunda kama mpira.

Fundi alipovua gurudumu, shokapu ilikuwa imelowa oili iliyoshikana na vumbi ikawa kama lami. Akaifuta kwa kitambaa, akapitisha ukucha kwenye rodi, ule mti wa chuma unaoingia na kutoka kwenye shokapu, kisha akaniambia, "Pitisha na wewe, dada." Nikapitisha. Kulikuwa na kishimo kidogo kuliko kichwa cha pini, ukucha ukanasa. Oili yote ilikuwa imetoroka kwa sababu ya hicho.

Tangu siku hiyo sijali mibofyo. Mambo ya gari linashuka kiasi gani au linakata kona vipi utayapata kila mahali, hata muuzaji atakuimbia. Mimi naangalia kitu kimoja: nini kinailinda rodi.

Rodi ya shokapu ni chuma kilichopakwa kromu nyembamba na kusuguliwa hadi kikawa kama kioo. Inapanda na kushuka ndani ya mdomo wa sili ya mpira, inayozuia oili isitoke. Jiwe likirushwa na tairi na kuitoboa kromu, kile kishimo kinakuwa tupa. Kila gari linapopanda na kushuka, tupa inakwangua sili. Na kwenye shokapu za mrija mmoja, ambazo oili na gesi hukaa ndani ya bomba moja, gesi ya nitrojeni iliyo ndani ina shinikizo la baa 20 au zaidi, takriban mara kumi ya upepo wa tairi lako. Sili ikichanika, haichukui muda.

Kinga yake ni dasti kava, kile kifuniko cha mpira chenye mikunjo kama kinanda cha mkono. Seti yangu ya zambarau haikuja nacho. Ilikuja na stopa tu, ile sponji ngumu inayozuia shokapu isigonge mwisho. Na stopa nayo ilikuwa ya hovyo: ilikuwa imemeguka ikawa unga, unga ukakaa juu ya sili, ukafanya kazi ya msasa. Kwa hiyo rodi ilishambuliwa kutoka nje na kutoka juu kwa pamoja. Gari likishushwa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu nafasi ya kusogea imepungua na stopa inapigwa mara nyingi kuliko mtengenezaji wa gari alivyokusudia.

Sasa ninavyopima. Kabla ya kufunga, navuta soksi nyembamba ya nailoni kuizunguka rodi yote, juu hadi chini. Ikinasa uzi popote, inarudi dukani. Baada ya kufunga, nafunga zipu tai ndogo kwenye rodi, naendesha wiki moja, kisha natazama imesukumwa hadi wapi. Ikiwa imefika kwenye stopa kwa mwendo wa kawaida, gari nimelishusha mno. Na nikitoka barabara mbovu nagusa mwili wa kila shokapu kwa mgongo wa kiganja, taratibu maana huwa za moto. Kazi ya shokapu ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Ile iliyo baridi kuliko mwenzake wa upande wa pili imeacha kazi.

Muuzaji akikutajia saa kadhaa za jaribio la ukungu wa chumvi, yaani kiwango cha kimataifa cha ISO 9227, msikilize lakini elewa anachosema. Jaribio lile huweka chuma kwenye ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5, kwa nyuzi 35 za Selsiasi. Linapima kama rangi na zinki zinahimili kutu. Sili haihusiki pale, wala stopa.

Namba moja kwangu ni shokapu za kampuni ya Bilstein, na sitajifanya sina upande. Mimi ni mtu wa Bilstein. Hawa ndio walioleta shokapu ya gesi ya mrija mmoja kwenye magari ya kawaida miaka ya 1950 wakiwa na Mercedes-Benz, lakini sababu yangu si historia. Kwenye strati nyingi za MacPherson, yaani mfumo ambao shokapu yenyewe pia hushika gurudumu, wao hugeuza shokapu kichwa chini. Rodi nyembamba inajificha ndani kabisa ya nyumba ya strati, na kinachoteleza mbele ya macho yako ni mwili mnene wa shokapu yenyewe, juu ya bushi (vishikizo vya mviringo) zenye grisi. Jiwe haliifikii rodi. Isitoshe, kwenye MacPherson shokapu ndiyo inayobeba nguvu za ubavuni gari linapokata kona, na bomba nene halipindi kirahisi kama rodi. Ukitaka kushusha gari na kulisahau, chukua B12: ni shokapu za B8, zilizofupishwa kwa ajili ya springi fupi, pamoja na springi za kampuni ya Eibach. Ukitaka kurekebisha urefu mwenyewe, B14. Ubaya upo: grisi ya zile bushi ikikauka utasikia kugonga mbele, na kuipaka upya ni lazima strati ishushwe. Na rangi yao ya njano isikudanganye, hata mimi naweza kununua kopo la rangi ya njano.

Ya pili ni kampuni ya KW. Miili yao ni ya chuma cha pua, na nati ya kurekebisha urefu ina pete ya plastiki ngumu, kwa hiyo haigandi. Hilo si dogo. Nati ya alumini juu ya chuma, ikiongezewa maji na chumvi, huliwa na kutu hadi ikaungana na nyuzi zake. Za kwangu zilitolewa kwa nyundo na patasi. Modeli yao ya V1 inarekebisha urefu tu, na kwa gari la barabarani inatosha. V3, inayorekebisha na ugumu, waachie wanaojua wanachokitafuta. Rodi iko wazi zaidi kuliko ile ya Bilstein, lakini seti huja na kinga ya vumbi.

Shokapu za njano za kampuni ya Koni naziweka ya tatu kwa heshima. Zinarekebishwa kadiri zinavyochakaa, na nyingi zinaweza kufunguliwa na kukarabatiwa badala ya kutupwa. Ila baadhi ni lazima uzitoe kwenye gari ndipo uzizungushe, na utafanya hivyo mara moja tu maishani.

Öhlins Road & Track ni nzuri kuliko zote kuendesha. Nimeiweka ya nne kwa sababu inataka matunzo kama farasi wa mashindano: sili zibadilishwe kwa ratiba, gesi ijazwe upya na fundi mwenye vifaa. Kama huna fundi huyo karibu, acha.

Seti za bei ya chini zenye mibofyo mingi: nunua dasti kava na stopa nzuri pembeni, au usinunue kabisa.

Jambo la pembeni linaloua bushi za watu bure: bolti za mikono ya chini, ile vyuma vinavyounganisha gurudumu na gari, zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye chuma pande zote mbili. Ukiikaza gurudumu likining'inia, gari likitua bushi inabaki imesokotwa siku zote, na itachanika. Kaza gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake. Fundi akikuambia ni yale yale, simama hapo hapo hadi akaze.

Nirudi kwa aliyeniuzia ile zambarau. Tangazo liliandika "seti kamili". Nilipouliza dasti kava iko wapi, nikajibiwa huuzwa kando, na kile kimpira kilikuwa na bei ya kustaajabisha. Nilipodai garantii ya maisha niliyoahidiwa, nikaambiwa sili ni kitu cha kuchakaa, haimo. Kishimo kwenye rodi? Kosa la ufungaji. Nilipigwa mara tatu kwa risiti moja.

Juzi nilimwandikia muuzaji mwingine nikamwomba picha moja tu, ya rodi, bila kava, kwenye mwanga. Akanitumia picha ya boksi.