Geji inasoma nusu, gari linazima: gereji ya Ilala iliyonimalizia tatizo

Kama una Subaru Forester, na geji ya mafuta inasoma nusu huku gari linamisi na kuzima barabarani, soma hapa kabla hujampa mtu hela ya pampu mpya. Gereji ninayoisifia iko Ilala, kwenye mitaa ya mafundi upande wa Shaurimoyo. Haina bango. Ukifika ulizia fundi anayefungua matangi ya petroli, watakuonyesha.

Gari langu ni Forester ya 2005, lile umbo wanaloliita SG5, injini ya lita 2.0, tangi la lita 60. Linabeba mayai kutoka Kibaha kuja mjini, kwa hiyo siti za nyuma zimelazwa muda wote na trei zimepangwa hadi karibu na kioo. Kuzima barabarani na mzigo wa namna hiyo ni hasara. Mayai yakikaa juani pembeni ya Morogoro Road hayasubiri, na wateja wa mama ntilie wanataka asubuhi, si saa sita.

Dalili zilikuwa mbili. Ya kwanza ni geji. Nikijaza, mshale unapanda vizuri, unashuka taratibu kama inavyotakiwa, lakini ukikaribia nusu gari linaanza kukosa nguvu, hasa kwenye mlima, kisha linazima. Ukimwaga lita tano za dumu linawaka na kuondoka kama halikuwa na shida, na mshale hausogei hata kidogo. Taa ya mafuta haikuwahi kuwaka.

Ya pili ni sheli. Pampu ilikuwa inakata kila baada ya lita mbili tatu. Muhudumu anabonyeza, tak, imekata. Anasubiri, anabonyeza tena, tak. Kuna wakati petroli inarudi juu na kumwagika kwenye bodi. Wahudumu walishanizoea, wengine walikuwa wanashika kwa nusu ya mkono na kuachia mafuta yatiririke pole pole, foleni nyuma yangu inapiga honi.

Kabla ya Ilala nilipita gereji nyingine, ambayo siitaji. Walisikiliza maelezo dakika moja, wakasema pampu ya mafuta imechoka. Nikanunua pampu. Hali ikabaki ile ile. Wakasema basi ni dashibodi, geji imekufa, wakafunga dashibodi ya mtumba kutoka gari jingine. Hali ikabaki ile ile, na sasa na kilomita zinazosomeka si za gari langu. Kwa kazi zote hizo hakuna aliyeshika mita ya kupimia nyaya hata mara moja. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo: hela yangu ilinunua ubashiri.

Fundi wa Ilala alianza kwa maswali, na hakufungua boneti. Likizima, ukiongeza mafuta kidogo linawaka papo hapo? Geji inashuka kwa kurukaruka au kwa utaratibu? Halafu swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza: "Mama, likizima hivyo ukaenda kujaza mpaka juu, linapokea lita ngapi?"

Risiti za sheli huwa naziweka kwenye droo ya gari kwa ajili ya hesabu za biashara. Nikazitoa. Zote za kujaza zilikuwa zinacheza kwenye lita thelathini, wakati mwingine pungufu. Akazitazama, akanirudishia. "Tangi lako ni la lita sitini. Limekauka hadi gari limezima, halafu linajaa kwa thelathini. Hizo thelathini nyingine zilikuwa wapi?"

Mimi na mafundi wa awali tulikuwa tunasema tangi halijazwi vizuri kwa sababu pampu ya sheli inakata, basi. Yaani tatizo la pili lilikuwa limelificha la kwanza. Wapo pia walioniambia sheli zinaniibia, ila nilikuwa najaza sehemu tofauti, zote zina stika ya Wakala wa Vipimo, na zote zilikuwa zinasoma sawa.

Kisha akaingia kwenye umeme. Trei zikashushwa, zulia la nyuma likafunuliwa, chini yake kuna vifuniko viwili vya bati, kimoja kulia kimoja kushoto. Akachomoa soketi ya boya, kile kifaa kinachoelea ndani ya tangi na kuipa geji kiwango cha mafuta, akawasha swichi, akaunganisha nyaya mbili za soketi kwa kipande cha waya. Mshale ukapanda taratibu hadi juu kabisa. Akaachanisha, ukashuka hadi chini. Kwa gari la aina hii ukinzani wa umeme kwenye boya ukiwa mdogo maana yake tangi limejaa, ukinzani mkubwa maana yake tupu, kwa hiyo jaribio hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba nyaya ni nzima na geji kwenye dashibodi ni nzima. Kazi ya dakika chache. Dashibodi ya mtumba ilikuwa imefungwa bure.

Alipofika hatua ya kufungua tangi alitenganisha kwanza kichwa cha betri, akasukuma gari hadi uwanjani penye upepo, mtungi wa kuzimia moto ukawekwa pembeni. Kijana aliyepita na sigara alifukuzwa kwa sauti kubwa. Nilimuuliza kwa nini hatumii shimo la gereji ambalo lina kivuli. Akasema mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia shimoni, na cheche moja ya swichi inatosha. Fundi anayejali kitu kama hicho bila kuambiwa namwamini na gari langu.

Akatoa boya la kulia, akainua mkono wake pole pole huku mita imeshikwa, namba zikashuka bila kuruka. Akatoa la kushoto, hivyo hivyo. Maboya mawili, hakuna lililokufa. Ndipo akaniita nichungulie, akamulika kwa tochi.

Tangi la Forester halina umbo la ndoo. Ni gari la kuvuta magurudumu manne, shafti ya nyuma inapita katikati chini yake, kwa hiyo tangi limetengenezwa kama matandiko ya punda: mfuko kulia, mfuko kushoto, na mgongo katikati. Pampu iko mfuko mmoja tu, kwangu ni wa kulia. Mafuta ya mfuko wa pili yanavushwa na kifaa kidogo kisicho na mota, kinachotumia nguvu ya mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini kunyonya yale ya upande wa pili na kuyapitisha juu ya mgongo kwa kimpira. Kimpira kikipasuka au kikichomoka, mfuko wa kulia unakauka na wa kushoto unabaki umejaa.

Na ndivyo nilivyokuta kwa macho yangu. Kulia, chini kabisa, kimebaki kimajimaji kisichofunika hata chujio la pampu. Kushoto, petroli safi imejaa, inameremeta kwenye mwanga wa tochi, karibu ifike mgongoni. "Geji yako haina kosa, mama. Inajumlisha pande mbili. Nusu ipo kweli, ila ipo upande ambao pampu haifiki."

Kimpira kilikuwa kimechanika kwa urefu pale kinapoingia kwenye kifaa, kimevimba na kulainika. Kwa maelezo yake, kuna mtu alishawahi kukibadilisha akaweka mpira wa kawaida wa mafuta, ule unaouzwa kwa mita. Mpira huo umetengenezwa kupitisha petroli kwa ndani tu. Ukiuzamisha, petroli inaula kutoka nje. Wa kuzamishwa una alama ya SAE 30R10 ubavuni, na bei yake ni mara kadhaa ya ule mwingine. Alimtuma kijana wake akautafute Gerezani, akarudi na mpira wa bei nafuu usio na alama, fundi akamrudisha. Tulisubiri zaidi ya saa moja kwa kipande kisichozidi urefu wa kiganja. Nilikuwa na haraka siku hiyo, lakini sikumlaumu.

Upande wa kujaza ulikuwa tatizo lake lenyewe. Kwenye ncha ya bomba la pampu ya sheli kuna tundu dogo linalovuta hewa wakati wote mafuta yanapotoka. Mafuta yakipanda hadi kuliziba tundu hilo, hewa inakosekana, na kilango ndani ya mkono wa pampu kinajifunga. Hiyo ndiyo ile tak. Pampu haijui kama tangi limejaa. Inachojua ni kwamba mafuta yamefika mdomoni. Na petroli inapoingia, hewa iliyomo lazima itoke, kupitia mpira mwembamba unaopanda sambamba na ule mnene wa kujazia. Mpira wa hewa ukiziba au ukikunjika, hewa inatafuta njia pale pale mafuta yanapoingilia, yanagongana, mafuta yanarudi juu.

Alitoa tairi la nyuma kulia na ile plastiki ya kuzuia tope. Udongo uliodondoka ungejaza karai: vumbi jekundu la njia za Kibaha, limegandamana kwa miaka. Nyuma yake mpira wa hewa ulikuwa umekunjika kwenye kona, klipu imekazwa vibaya, na umebonyea hadi pande zimegusana. Alikata mpira mpya, akaupitisha kwa kona pana, akapuliza kwa mdomo tu kuhakikisha hewa inapita. Kompresa hakutumia, upepo wa kompresa, alisema, unaweza kuharibu vilango vya mvuke juu ya tangi. Alikagua pia bomba la chuma la kujazia, kwa sababu tope likikaa nyuma ya plastiki ile bomba linaoza. Langu lina kutu ya juu juu, akalisugua na kulipaka rangi.

Mwishoni kulikuwa na jaribio ambalo sijawahi kuona gereji nyingine ikilifanya. Petroli yote ilikuwa imetolewa kwenye madumu. Akaanza kuirudisha kwa dumu la lita kumi, na kila baada ya dumu anawasha swichi, anasubiri mshale utulie, mimi naandika. Halafu akawasha injini likiwa na mafuta kidogo, akafungua kifuniko cha kushoto, tukaona kiwango kikishuka taratibu, mafuta yakihamia kulia.

Sasa kasoro, maana zipo. Robo ya mwisho ya geji bado inashuka haraka kuliko robo tatu za juu. Fundi aliliona kwenye lile jaribio la madumu na akaniambia kabla sijauliza: utepe wa ukinzani kwenye boya la kulia umelika upande wa chini, aliusafisha kwa dawa ya viunganishi lakini umelika, dawa yake ni boya jipya. Boya la mtumba alikataa kuniuzia kwa sababu linaweza kuwa limelika vile vile. Ninaendesha hivyo na ninajaza mshale ukifika robo, ambako pia pampu inabaki imezama kwenye petroli, na petroli ndiyo inayoipoza.

Gereji haina sehemu ya kukaa. Utapewa ndoo uigeuze, au usimame chini ya mwembe na wateja wengine. Simu hawapokei wakiwa kazini. Risiti ya EFD niliipata, ila baada ya kuiomba na kusubiri. Na fundi ni mmoja anayejua kazi hii. Akiwa chini ya gari la mtu mwingine utasubiri amalize, vijana wake hawagusi tangi bila yeye. Kwa hayo nawapa nyota nne.

Gharama: ufundi shilingi 120,000, mpira wa ndani ya tangi 35,000, mpira wa hewa na klipu 25,000. Jumla 180,000. Pampu na dashibodi ambazo hazikuhitajika zilinigharimu zaidi ya mara mbili ya hapo.

Tangu siku hiyo natembea hadi mshale unafika robo na gari halimisi, na sheli muhudumu anabana mkono wa pampu mara moja anaachia ikijikata yenyewe. Ikikata naomba asiongeze. Mafuta yanayolazimishwa baada ya hapo yanaweza kuingia kwenye mabomba ya mvuke na kuharibu chombo cha mkaa kinachonasa harufu ya petroli, na wahudumu wengi wanaongeza ili hesabu iwe namba kamili.

Ukiamua kwenda, nenda asubuhi kabla ya saa mbili, siku za kazi. Nenda na mafuta machache, kwa sababu kutoa petroli kwenye madumu ndiko kunakokula muda. Toa mizigo yote nyuma nyumbani. Beba risiti zako za sheli kama unazo, zile za kujaza mpaka juu hasa. Na umweleze gari linazima mshale ukiwa wapi. Yeye ataanzia hapo.