TAHADHARI: Seti za plagi za "iridiamu" na nyaya za bei ya kutupa kwa magari yaliyotembea sana

Wakuu, kama gari lako limepita kilomita laki moja na nusu na limeanza kumisi (injini kukatakata kwa sababu silinda fulani haichomi mafuta), kuna muuzaji anakusubiri mtandaoni. Anauza seti nzima: plagi nne za kutoa cheche kwenye injini zenye jina la NGK au Denso, zimeandikwa iridiamu (metali ngumu ya ncha), pamoja na nyaya za kuzipelekea umeme, kwa bei ambayo plagi moja au mbili za kweli huwezi kuzipata. Picha za kwenye tangazo ni za bidhaa halisi. Kinachokufikia mkononi ni kingine kabisa. Kampuni zote mbili zimewahi kuonya hadharani kwamba plagi zao zinaghushiwa, kwa hiyo jina kwenye boksi peke yake halithibitishi kitu.

Utapeli huu umedumu kwa sababu siku ya kwanza hauonekani. Plagi za gari lililotembea sana huwa zimelika, na nafasi kati ya ncha zake imepanuka kutoka milimita 1.1 hadi 1.5 au zaidi. Ukizitoa hizo ukaweka mpya yoyote, hata ya hovyo, gari litawaka haraka, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) itatulia na litavuta. Mnunuzi anafurahi, anaandika sifa, anatoa nyota tano. Wiki chache baadaye kumisi kunarudi, na muuzaji ana jibu tayari: "Gari lako limechoka, plagi hazina shida." Mwenye gari anakubali kwa sababu kilomita anaziona mwenyewe kwenye dashibodi. Anaanza kununua koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche), kuosha nozeli, kubadilisha pampu ya mafuta, na muda wote huo ubovu uko kwenye kitu kipya alichokifunga juzi.

Plagi feki ina nini ndani

Iridiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 2,400 za Selsiasi. Nikeli huyeyuka karibu 1,455. Ndiyo maana plagi ya iridiamu inaweza kuwa na ncha nyembamba sana, milimita 0.4 kwa Denso Iridium Power na 0.6 kwa NGK Iridium IX, na bado ikadumu. Wanaoghushi huchukua nikeli ya kawaida wakaichonga iwe nyembamba ili ifanane. Nikeli nyembamba kiasi hicho inalika haraka kuliko hata plagi ya kawaida ya ncha nene, ambayo ikiwa halisi hutembea kilomita 20,000 hadi 40,000 bila matata. Yaani umelipia iridiamu ukapewa kitu kilicho duni kuliko ile plagi ya bei rahisi uliyoikwepa.

Kitu cha pili ni rezista. Plagi yenye herufi R kwenye namba yake ina rezista ndani, kwa kawaida ohmu 5,000 hivi. Kazi yake ni kuzuia kelele za umeme zisivuruge redio, sensa na kompyuta ya gari. Kwenye feki rezista hukosekana kabisa, au ipo lakini thamani yake inapanda ikishapata moto mpaka cheche inakufa.

Cha tatu, na hiki ndicho cha kutisha, ni kaure (ile sehemu nyeupe ya plagi) kutokaa sawasawa ndani ya chuma. Mgandamizo wa silinda unavuja pembeni yake, joto halipungui inavyotakiwa, na plagi inakuwa kaa la moto linalowasha mafuta kabla ya wakati. Hapo pistoni inaweza kutoboka. Ncha ya pembeni iliyochomelewa vibaya nayo ikikatika, inaangukia ndani ya silinda, na huko hakuna pa kutokea kwa usalama.

Namna ya kuikagua kabla ya kulipa

Fungua boksi mbele ya muuzaji. Akikataa kabla hujalipa, mrudishie. Kama unaletewa, kagua mzigo ukiwa bado mkononi kwa aliyeuleta.

Anza na namba. Iliyo kwenye boksi, iliyo kwenye kaure na iliyo kwenye kitabu cha gari lako lazima zilingane herufi kwa herufi. Mfano, NGK BKR6E-11: uzi wa milimita 14, kichwa cha spana ya 16, R ya rezista, 6 kiwango cha joto, E urefu wa uzi wa milimita 19, na 11 ni nafasi ya milimita 1.1. Denso SK20R11 husomwa kwa mtindo huohuo, 20 ikiwa kiwango cha joto. Muuzaji akikwambia "hii nayo inaingia tu", usikubali. Uzi wa milimita 14 unaingia kwenye magari mengi sana, lakini urefu ukizidi, plagi inaweza kugongwa na pistoni. Ukipungua, kaboni inajaa kwenye nyuzi za silinda hedi zilizobaki wazi. Kiwango cha joto nacho kina mtego wake: kwa NGK na Denso namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi (inayopoteza joto haraka), kwa Bosch ni kinyume chake. Anayekubadilishia aina kwa kulinganisha namba kwa macho anakuharibia injini, hata kama plagi yenyewe ni halisi.

Kisha chukua kioo cha kukuza na tochi, utazame ncha ya katikati kwa utulivu. Kwenye plagi halisi kipande cha iridiamu kimechomelewa kwa leza juu ya shina lake, na utaona mkanda mwembamba, ulio sawa kuzunguka pande zote, pale metali mbili zinapokutana. Feki nyingi hazina mkanda huo. Ncha na shina ni chuma kimoja kilichochongwa, mara nyingine ukiona hata mistari ya mashine. Angalia pia kama ncha ya pembeni imekaa juu ya katikati kabisa au imeenda upande.

Gasketi ya chini, ile pete ya chuma juu ya uzi: kwenye NGK au Denso mpya inazunguka kwa kidole lakini haichomoki kirahisi. Ikianguka yenyewe ukigeuza plagi, tia shaka. Ikiwa imebapa, hiyo plagi imeshawahi kufungwa. Wapo wanaookota plagi kuukuu gereji, wanazisafisha kwa mchanga wa mashine na kuzirudisha kwenye maboksi. Zitakuwa na vumbi la kijivu ndani ya kitundu kinachozunguka kaure, kona za ncha zimeviringika badala ya kuwa kali, na kichwa cha spana kina mikwaruzo.

Mwisho pima. Multimita iwe kwenye ohmu, mguso mmoja kwenye kichwa cha juu, mwingine uguse taratibu ncha ya katikati. Plagi ya R ikisoma kati ya 3,000 na 7,500 hivi, iko sawa. Ikisoma sifuri haina rezista. Isiposoma kitu imekatika. Pima zote nne, maana feki hupishana sana: moja 1,200, nyingine 14,000. Nafasi za ncha nazo pima kwa geji ya waya, na usiisukume ile ncha nyembamba kwa geji bapa kwani iridiamu ni ngumu lakini inavunjika.

Injini nyingi zinazotumia nyaya zina koili moja kwa silinda mbili, kwa kawaida ya 1 na ya 4, ya 2 na ya 3. Kwenye kila jozi, plagi moja hupigwa umeme kwa mwelekeo wa kinyume, kwa hiyo ncha yake ya pembeni ndiyo inayolika zaidi. Plagi zilizoundwa kwa injini hizo huwekwa kipande cha platinamu pembeni pia. Feki haina. Ndiyo sababu gari lililofungwa feki huanza kumisi silinda mbili maalumu huku nyingine mbili zikiwa nzima, na fundi asiyejua hilo anakimbilia kulaumu koili.

Nyaya

Hapa wengi hawakagui kabisa. Waya mzuri una kiini chenye ukinzani na ngozi ya silikoni inayovumilia joto. Wa kughushi una plastiki nene nje na kiini chembamba ndani, hivyo unene wa milimita 8 ulioandikwa juu yake haukuambii lolote. Ukiukunja waya wa silikoni unalegea kama mpira. Wa plastiki unabaki na mkunjo. Ukipata kipande cha waya uliokwisha kutupwa, kichome: silikoni inaacha majivu meupe, plastiki inayeyuka na kudondoka.

Pima kila waya toka mwisho hadi mwisho. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha ohmu 25,000 kwa waya mmoja, na mrefu husoma juu kuliko mfupi. Waya mrefu ukisoma chini ya mfupi, au usomaji ukirukaruka unapoutikisa, usiufunge. Ukisoma karibu na sifuri, ndani ni shaba tupu, na kompyuta ya gari itaanza kusoma makosa yasiyokuwepo.

Mtego wa gereji

Si muuzaji pekee. Kuna fundi anayekuletea "seti yake" na kukuzuia usinunue mwenyewe, halafu anafunga mbili na mbili anabaki nazo. Kwenye injini za V6 ndiyo kabisa: plagi tatu za nyuma mara nyingi ziko chini ya manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini), kuzifikia ni kazi, basi anabadilisha tatu za mbele na anakutoza sita. Dai plagi zote za zamani, zipangwe kwa namba ya silinda. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni salama. Nyeusi kavu ni mafuta mengi au hewa kidogo. Yenye oili kwenye uzi na kwenye kaure ya nje inamaanisha gasketi ya kifuniko cha valvu inavujisha oili kwenye visima vya plagi, jambo la kawaida kwa gari lililotembea sana. Hiyo irekebishwe kwanza, maana oili inalainisha kofia za waya mpya mpaka cheche inaruka pembeni. Seti bandia hupata kisingizio kizuri hapo.

Ukifunga vibaya hata plagi halisi utapoteza haki ya kulalamika, kwa hiyo zingatia haya. Injini iwe imepoa. Puliza uchafu kwenye visima kabla ya kufungua. Plagi ikigoma, irudishe robo mzunguko, weka mafuta ya kulegezea kutu, subiri, kisha endelea kidogo kidogo mbele na nyuma. Ukilazimisha unang'oa nyuzi za silinda hedi. Vuta kofia, usivute waya. Badilisha waya mmoja mmoja ili usichanganye mpangilio wa silinda kuwaka, ambao kwa injini nyingi za silinda nne ni 1-3-4-2. Anza kukaza plagi kwa mkono mpaka ikae, halafu kwa spana nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko ikiwa gasketi ni mpya. Ile isiyo na gasketi, yenye kikalio cha mshazari, ni moja ya kumi na sita ya mzunguko tu. Usipake grisi kwenye uzi, kwani NGK wenyewe wanakataza: inafanya ukaze kupita kiasi bila kujua. Grisi ya silikoni kidogo ndani ya kofia inatosha.

Kama umeshazifunga

Taa ya injini ikiwaka na kuzima huku gari linamisi, simama. Mafuta yasiyoungua yanakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi (kisafisha moshi cha gari), masega hayo yanayeyuka, nayo ni ghali kuliko plagi zozote. Soma kodi (namba za hitilafu) kwa mashine: P0300 ni kumisi kwa kutangatanga kwenye silinda mbalimbali, P0301 hadi P0304 inakutajia silinda. Hamisha plagi ya silinda inayomisi uiweke kwingine; kodi ikihama nayo, una ushahidi na hoja ya "gari limechoka" imekufa. Piga picha za usomaji wa multimita, za ncha na za boksi, ukiweka na risiti au mazungumzo ya malipo, udai hela yako kupitia jukwaa ulilonunulia kabla muda wa madai haujaisha. Wapelekee pia mawakala rasmi wa kampuni iliyoghushiwa.

Na unapotupa plagi zako halisi zilizokwisha, vunja kaure kwa nyundo huku umezifunika kwa kitambaa, na maboksi uyachane. Wanaofungasha upya wanahitaji vyote viwili.