Uzoefu wangu: warsha ya kukarabati vitabu maktabani, na ya kujua kabla hujajiandikisha awamu ijayo

Maktaba ya umma ya mkoa wetu hapa pwani imebandika ratiba ya mafunzo yajayo ya Jumamosi: ukarabati wa vitabu, kompyuta kwa wanaoanza, na saa ya hadithi kwa watoto. Awamu iliyopita nilihudhuria yote matatu. Nikiambiwa nichague moja, nachagua la vitabu bila kusita. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana hapatoshi, kwa sababu gundi haikimbizwi. Asiyelijua hilo mapema anaweza kurudi nyumbani na kitabu kibovu kuliko kilivyoingia.

Kwanza, kitabu cha kwenda nacho. Msahafu wa babu au albamu ya harusi viache kabatini, warshani ni pa kujifunzia tu. Chukua kijitabu chembamba kilichobanwa kwa pini mbili kwenye mkunjo wa katikati. Hewa ya chumvi ya pwani huzipiga pini kutu, kutu huila karatasi, na kurasa za katikati huachia zenyewe. Vijitabu vingi vya Kiswahili vya zamani viko katika hali hiyo, vikiwemo vya East African Literature Bureau, taasisi ya kuchapisha vitabu iliyoanzishwa 1948. Vingi vya vijitabu hivyo havichapwi tena, kwa hiyo mikono izoee kwanza kwenye daftari au kijitabu cha kawaida ndipo uviguse.

Sehemu ya pini ndiyo inayofundishwa vizuri kuliko zote. Unafungua kijitabu katikati, unainua miguu ya pini kwa kisu butu, kisha unaisukuma itokee nyuma. Ukiivuta kwa nguvu kutoka nje, unaondoka na kipande cha jalada. Pini iliyooza itakatika, basi vipande vitolewe kimoja kimoja kwa kibano. Unga wa kutu unapanguswa kwa brashi kavu. Usitumie kitambaa chenye maji, maana doa litasambaa na kuzama ndani ya karatasi.

Kwa kijitabu cha urefu wa sentimita 21, toboa matundu matatu: moja katikati, na mengine sentimita 3 kutoka kila mwisho. Uzi uwe mara mbili na nusu ya urefu wa kitabu, yaani kama sentimita 52, upitishwe kwenye nta ya nyuki mara mbili ili usijisokote. Sindano inaingia tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, inarudi ndani kwa tundu la juu, inavuka la kati bila kuligusa na kutoka kwa tundu la chini, halafu inarudi ndani kwa lile la kati. Ncha mbili za uzi lazima ziwe pande mbili za ule uzi mrefu wa ndani. Zikikaa upande mmoja, fundo halishiki kitu. Kaza kwa kuvuta sambamba na mgongo wa kitabu. Ukivuta kuelekea juu, uzi unakata karatasi kama waya unavyokata sabuni. Mezani kwetu hilo ndilo lililoharibu kazi nyingi, kuliko hata gundi.

Sasa gundi. Zipo mbili mezani na watu huzichanganya. Gundi nyeupe, hii ya mafundi wa karatasi, hukauka haraka na kubaki laini, lakini ikishakauka haitoki tena. Inafaa kwa mgongo na jalada. Kwa karatasi iliyochanika inatakiwa gundi ya wanga wa ngano, kwa kuwa siku yoyote unaweza kuilowesha na kuibandua. Kijiko 1 cha wanga kwa vijiko 5 vya maji, uloweke nusu saa, upike kwa moto mdogo huku unakoroga kwa dakika kama 20, mpaka weupe wa maziwa ugeuke kuwa mzito na wa kupitisha mwanga. Ukipoa, uchuje mara mbili, kisha uuongezee maji hadi uwe kama mtindi. Kwenye friji unakaa siku chache. Ukinuka uchachu, umwage.

Wanga si unga, na hapa maelezo ya warsha yalipita mbio. Unga mzima wa ngano una ule ute unaovutika kwenye chapati, ambao hugeuka njano na kuita wadudu. Wanga ukikosekana dukani, kanda donge la unga, liache litulie nusu saa, likamue ndani ya bakuli la maji kama unavyokamua tui. Acha maji yale meupe usiku kucha, asubuhi umwage ya juu. Kinachobaki chini ndicho unachokitaka.

Kuhusu selotepu, mkufunzi alisema ukweli mtupu, nami namuunga mkono kwa nguvu zote. Gundi yake huhama kutoka kwenye plastiki na kuingia katika karatasi, hunata kwenye ukurasa wa jirani, halafu plastiki hukauka na kudondoka ikiacha mstari wa kahawia usiofutika. Mpasuko mzibe kwa ukanda wa karatasi nyembamba ya Kijapani ya upana wa sentimita 1. Ukanda huo uchanwe kwa mkono baada ya kuchora mstari kwa brashi yenye maji. Ukiukata kwa mkasi, ukingo wake unakuwa mkali na ukurasa utakatikia palepale. Ukiuchana, nyuzi hutokeza kama manyoya na kushikana na karatasi ya zamani mpaka kidole kisiuhisi.

Angalia pia mkondo wa karatasi. Nyuzi zake zimelala upande mmoja, kama mbao. Kunja karatasi kidogo bila kuivunja, kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi ndio mkondo, na huo uende sambamba na mgongo wa kitabu. Ukiukosea, gundi ikikauka kurasa zinafanya mawimbi na kitabu hakifungiki tena.

Kwa kitabu cha shule kilichodondosha ukurasa mmoja, gundi nyeupe ya upana wa milimita 3 tu kwenye ukingo inatosha. Funika sehemu iliyobaki kwa karatasi chakavu kabla ya kupaka. Ingiza ukurasa hadi ndani kabisa, weka plastiki laini kila upande, funga kitabu, na juu yake tofali lililovishwa kitambaa cha marekani. Lilale hapo hadi kesho yake.

Hapo ndipo muda unapokosekana. Saa 5 na nusu kazi ilikuwa bado mbichi, ikaletwa mashine ya kukaushia nywele. Kurasa zilizopigwa na moto zilijikunja pembeni, na gundi ikashika juu huku chini bado ina maji. Kuanika juani hakusaidii, maana jua hupindisha jalada na kugeuza karatasi kuwa njano. Kwa hiyo nenda na vibao viwili vikubwa kidogo kuliko kitabu chako na kamba ya kuvibana, ukibebe kikiwa kimebanwa, ukakimalizie nyumbani chini ya uzito. Kitabu chenye ukungu usikipeleke kabisa. Kifunge peke yake kwanza, kwa sababu meza ni moja na mbegu za ukungu zinahamia vitabu vya wenzako.

Vifaa vya maktaba vinatosha isipokuwa brashi, ambazo zilikuwa ngumu na zenye kumwaga nywele. Beba yako ya upana wa sentimita 2.

Mafunzo ya kompyuta ni mazuri kwa asiyewahi kushika kipanya. Mnakaa wawili kwa mashine moja, basi wahi, na nenda na namba yako ya simu inayopokea ujumbe, la sivyo somo la kufungua barua pepe litakupita ukisubiri msimbo wa uhakiki. Anayejua kuchapa barua hatapata jipya.

Saa ya hadithi inawafaa zaidi watoto wa miaka 4 hadi 8. Msomaji anaonyesha picha kabla ya kugeuza ukurasa na kuwaacha watoto wabashiri kitakachofuata, jambo ambalo wasomaji wengi hulisahau. Mkeka wa mbele ndio unaosikia vizuri. Nyuma, feni inameza sauti.

Kwenye fomu ya maoni niliomba warsha ya vitabu igawanywe Jumamosi mbili: ya kwanza kushona na kubandika, ya pili kufungua vilivyokauka na kuona nani alikosea wapi. Fomu ya kujiandikisha awamu hii ina nafasi ya maoni chini kabisa. Ukifika kuijaza, andika ombi hilohilo.