Kuchapa Picha za Familia Tanga: Miezi Mitatu na Studio Moja ya Ngamiani

Tangu mwanzo wa Rajabu hadi siku chache kabla ya Idi nilikuwa mteja wa studio ndogo ya picha iliyoko Ngamiani, jijini Tanga, na kwa kuwa jamaa na majirani wengi wameniuliza kazi ile ilifanyikaje na iligharimu kiasi gani, nimeona niandike kwa kirefu. Studio yenyewe ni chumba kimoja chenye kaunta, pazia la buluu la kupigia picha za pasipoti, kompyuta mbili na mashine ya kuchapia. Inaendeshwa na mzee mmoja aliyeanza kazi hii enzi za mikanda, yaani filamu (negativu) za kamera za zamani, pamoja na binti wa kaka yake anayeshughulikia kompyuta. Kwa nje haina tofauti na studio nyingine za mtaa huo.

Mama yangu alipofariki aliacha sanduku la bati lenye picha zinazokaribia mia nne. Za zamani zaidi zilikuwa nyeusi na nyeupe, ndogo, zenye ukingo mweupe uliokatwa kwa mawimbi, zilizopigwa wakati baba alipokuwa karani katika shamba la mkonge. Zilifuata za rangi, ambazo nyingi zimegeuka nyekundu kana kwamba zilichovywa katika chai, kisha zile za miaka ya tisini zenye tarehe ya rangi ya machungwa pembeni. Chini kabisa palikuwa na bahasha za mikanda, baadhi yake imeshikana kwa unyevu, na albamu mbili za kurasa zenye gundi ambazo picha zake zilikuwa hazibanduki tena.

Niseme wazi kwamba nilikwenda pale nikiwa na kinyongo. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepeleka picha thelathini za simu katika duka moja la Dar es Salaam, nikarudishiwa picha zilizokatwa vichwa, na nyingine zikachuruzika rangi mara tu mtoto alipozishika kwa mkono uliolowa. Hakuna aliyenieleza sababu. Mzee wa Ngamiani alinieleza kabla sijamuuliza: simu nyingi hupiga picha ya umbo la nne kwa tatu, ilhali karatasi ya saizi ya postikadi, yaani inchi 4 kwa 6, ni ndefu zaidi kwa upana wake, kwa hiyo mashine ikiachiwa ijaze karatasi yote, picha iliyopigwa kwa kulaza simu lazima ikatwe juu na chini, pale pale penye vichwa na miguu. Yeye humwuliza kila mteja kama anataka picha ikatwe au iachiwe ukingo mweupe pembeni, na akikata hukuonyesha kwanza kwenye kioo cha kompyuta ni sehemu gani itakayopotea. Ni swali la sekunde kumi, na linaokoa pesa na machungu mengi.

Siku ya kwanza nilimwamkia, nikaweka sanduku juu ya kaunta, nikamwomba anichapie zote upya. Akachukua picha moja ya juu, ya wanawake saba waliokaa mkekani, akaigeuza nyuma, haikuwa na maandishi, akanirudishia.

"Mama, hawa ni nani?"

Niliwajua watatu.

"Na nani nyumbani kwenu anawajua wote saba?"

Nikamjibu kwamba ni shangazi yangu, aliye Pongwe.

"Basi mpelekee hizi picha kwanza. Mashine yangu haiendi popote."

Nilitoka pale nimeudhika kidogo, kwa sababu nilikuwa nimejipanga kumaliza kazi wiki ile, lakini leo naona ushauri ule ndio huduma kubwa kuliko zote nilizopata, na haukutozwa hata senti. Jumapili tatu mfululizo nilikaa na shangazi barazani, yeye akitaja na mimi nikiandika. Mzee alikuwa ameniagiza nitumie penseli laini, niandike nyuma ya picha kwa mkono mwepesi, karibu na ukingo, nisitumie kalamu ya wino kwa sababu wino hupenya ukatokeza mbele. Kwa picha za rangi, ambazo karatasi yake ina utando wa plastiki usioshika penseli, niliandika majina kwenye vipande vya karatasi na kuvipa namba.

Ilipofika picha ile ya mkekani, shangazi aliwataja wote saba pasipo kusita, kisha akaweka kidole kwenye ukingo wa kulia, palipoonekana kiganja na kifundo cha mkono tu juu ya bega la mwanamke wa mwisho. "Na huyu ni mama yako," akasema. "Bangili hii nilimvalisha mimi mwenyewe siku ya harusi yake." Nilikuwa nimeitazama picha ile tangu utotoni na sikuwahi kuuona mkono huo.

Niliporudi studio nilimsimulia mzee, naye akaomba bahasha za mikanda. Alizipitisha moja moja mbele ya taa, akaupata mkanda wenyewe, akaniambia kwamba mpiga picha wa wakati ule alipoikuza picha kwa mkono aliipunguza upande mmoja ili iwe ya mraba. Kwenye mkanda mama yupo mzima, amegeuza uso nusu kumtazama mtu aliye nje ya picha, na mtandio umemwangukia mabegani. Mikanda ya nyeusi na nyeupe hudumu kuliko ya rangi kwa kuwa taswira yake imejengwa kwa fedha, siyo kwa rangi za kemikali zinazopauka, na huu ulikuwa na mikwaruzo miwili tu. Kwa hiyo nawasihi wenzangu: msitupe mikanda kwa kudhani kwamba picha iliyosafishwa inatosha. Hakikisheni pia kwamba studio mnayoiendea ina skana, yaani mashine ya kuingizia picha kwenye kompyuta, yenye taa kwenye kifuniko, kwa sababu skana ya kawaida ya ofisini haiwezi kusoma mkanda.

Picha za karatasi ziliskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, kiwango kinachoruhusu picha ndogo ikuzwe mara mbili kwa upana bila kupoteza ukali wake. Zilizonasa katika albamu za gundi alizibandua kwa uzi mwembamba wa kusafishia meno, akiupitisha chini ya picha kama anayekata sabuni, polepole, na zile mbili zilizogoma aliziskani zikiwa palepale ukurasani. Picha ya babu iliyogandamana na kioo cha fremu hakuigusa kabisa. Aliiskani pamoja na kioo chake, akanionya kwamba kuivuta kungeacha uso kwenye kioo na karatasi tupu mkononi.

Kuhusu picha zilizogeuka nyekundu, alinieleza kwamba katika picha za rangi za zamani kila rangi hupauka kwa kasi yake, na ile ya samawati ikitangulia kutoweka, wekundu ndio unaobaki umetawala. Binti alizirekebisha kwenye kompyuta kwa ustadi, isipokuwa mara moja. Alimlainisha bibi yangu uso mpaka mikunjo yote ikaisha na macho yakawa ya mtu mwingine. Nilimwambia kwamba huyu si bibi. Hakubisha wala hakunitoza tena; aliirudia mbele yangu, akaondoa madoa ya ukungu peke yake na kuiacha ngozi kama ilivyokuwa. Tangu hapo nilimwagiza aandike kwenye kila bahasha: rangi irekebishwe, sura isiguswe. Nashauri mteja mwingine aseme hivyo mapema, kwa kuwa wateja wengi wa picha za harusi hudai ngozi laini, na mkono wa fundi umeshazoea.

Mashine yao ya kuchapia ni ile ya joto, inayohamisha rangi kutoka kwenye utepe hadi kwenye karatasi maalumu, kisha ikafunika na utando wa kukinga maji. Niliijaribu picha moja kwa kitambaa chenye maji na haikuacha hata alama. Saizi ya postikadi nililipa shilingi 1,000 kwa kila picha, na kuskani shilingi 700 baada ya kupunguziwa kwa sababu ya wingi. Katika picha 212 zilizoskaniwa nilichapisha 96 tu, na hili pia lilikuwa shauri la mzee, kwamba nichague zile ambazo mtu akiiona moja atakuwa na la kusimulia, nyingine zibaki kwenye flashi mbili, moja kwangu na moja kwa kaka yangu. Saizi kubwa hawachapi wenyewe. Huzituma Dar es Salaam na kurudishiwa kwa basi baada ya siku nne au tano, na bei hapo hupanda kwa kiasi ambacho mimi sikukifurahia.

Kaka yangu huyo anaishi Muscat, na picha za watoto wake zilitusumbua. Alizituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, na mtandao huo huzipunguza picha ili zisafiri kwa wepesi. Picha ya postikadi huhitaji pikseli, yaani vidoa vidogo vinavyounda picha, 1,200 kwa 1,800 hivi ili itoke safi, na kadhaa kati ya alizotuma zilikuwa chini ya hapo, hasa zile zilizokwisha kupita mikono ya watu wengine. Binti alimwelekeza kwa simu azitume kama dokumenti, siyo kama picha, nazo zikafika kamili.

Katika kupanga albamu nilitaka kufuata miaka. Shangazi akakataa, akasema watu wetu hawahesabu hivyo, wanahesabu kwa nyumba: nyumba ya babu mkubwa, nyumba ya bibi wa Muheza, nyumba ya baba. Nilipomweleza mzee alimwunga mkono shangazi papo hapo, na sasa naona walikuwa sahihi, maana tarehe nusu yake tulikuwa tunazikisia, ilhali nyumba kila mtu anaijua. Tulinunua albamu tatu za mifuko, zisizo na gundi, na alinifundisha kuinusa mifuko kabla ya kununua: ile yenye harufu kali ya plastiki mpya ni ya aina inayotoa kemikali na kung'ang'ania picha. Kwa hewa ya pwani yetu, yenye joto na chumvi, alinikataza kurudisha picha kwenye sanduku la bati sakafuni au kuzitundika kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Zikae kabatini, juu, na zifunguliwe mara kwa mara.

Liko jambo moja ambalo studio hii inapaswa kulirekebisha. Miongoni mwa picha zetu zilikuwemo za sherehe za wanawake, ambapo watu walivua mabuibui kwa kuamini kwamba wako ndani kwa ndani. Niliomba zishughulikiwe na binti peke yake, na alifanya hivyo kwa heshima, akigeuza kompyuta ielekee ukutani na kunikabidhi picha katika bahasha iliyofungwa. Lakini wiki tatu baadaye, nilipokwenda kwa shughuli nyingine, nililiona folda lenye jina langu bado liko pale kwenye kompyuta ya kaunta. Lilifutwa mbele yangu, na mzee aliniomba radhi kwa moyo. Hata hivyo kazi ya namna hii haifai kutegemea mteja akumbuke kudai. Ingefaa pawe na utaratibu ulioandikwa, kwamba picha zifutwe baada ya siku kadhaa tangu mteja athibitishe kwamba nakala zake zinafunguka. Fremu zao nazo ni nyepesi, za mbao zilizobanwa ambazo kona zake huachia, kwa hiyo za kwangu nilizitengenezesha kwa seremala. Na mwenye haraka asiende pale, kwani mzee hafanyi kazi mbili kwa wakati mmoja.

Siku ya Idi albamu zilizunguka sebuleni tangu baada ya chakula cha mchana hadi Magharibi. Watoto, ambao wamezoea kupitisha picha kwa kidole kwenye simu, walizigeuza kurasa kwa mikono miwili, na mwanangu wa mwisho alikaa na ile ya mkekani akisoma majina mmoja mmoja, kisha akauliza mwanamke wa nane alikuwa anamtazama nani. Shangazi alijua. Alikuwa anamtazama baba, aliyesimama nyuma ya mpiga picha akiwa amenishika mimi mkononi, na nilikuwa nikilia.

Shangazi ameniagiza nakala yake ya picha hiyo, kutoka kwenye mkanda, isiyo na mng'ao kwa sababu taa ya sebuleni kwake huakisi. Nitaipeleka kazi hiyo Ngamiani Jumatatu, pamoja na bahasha nne za mikanda zilizobaki, kabla masika hayajaanza.